Kikapu cha Mpakani: Vifungashio vya Chakula Vinaporudi Nyumbani Kuwa Pambo

Aliyewahi kusimama asubuhi upande wa Kenya wa mpaka wa Busia anajua kwamba mji ule hauna dakika ya utulivu. Malori yamepanga foleni, baiskeli zinapenya katikati yake, na akina mama wenye mizigo kichwani huvuka wakienda na wakirudi kana kwamba nchi mbili ni ua wa nyumba moja. Husimuliwa kwamba hata jina la bodaboda lilizaliwa hapa na kule Malaba, kwa vijana waliokuwa wakipakia abiria kwenye baiskeli kuwavusha masafa yaliyo baina ya geti na geti, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Sisi tulifika kutazama jambo dogo kuliko hayo. Tulifika kutazama vikapu.

Vikapu hivyo huning'inia kwenye usukani wa baiskeli, kwenye misumari ya vibanda, na mikononi mwa wanawake wanaotoka sokoni na mboga. Rangi zake ni nyeusi, njano, buluu na nyeupe, na ukikishika kimoja utahisi ugumu usiokuwa wa miyaa wala wa katani. Vimesukwa kwa kanda za plastiki, zile zinazokaza katoni za mafuta ya kupikia, za biskuti na za tambi zisifunguke safarini. Mwenye duka anapofungua katoni, ukanda hukatwa na kutupwa mlangoni. Fundi huuokota, huufuta vumbi, huunyoosha mikunjo kwa kuuvuta kwenye ukingo wa kiti, kisha huzisuka kanda moja juu moja chini mpaka kitako kikamilike, ndipo azipandishe ubavuni. Kikapu cha namna hiyo hubeba viazi na nazi bila kuchanika, hakiozi kwa maji ya samaki, na kikichafuka huoshwa kwa sabuni kikaanikwa kivulini.

Tulikuwa tumekwenda na fikra nyingine kabisa. Tuliwaza vyombo vya maua vilivyokatwa kwenye chupa za maji, mapazia ya vizibo, na vile vipepeo vya plastiki vinavyobandikwa ukutani. Vipo, na vingine vinapendeza. Lakini mama mmoja anayeuza vikapu alituambia, kwa upole wa mtu anayemfunza mgeni, kwamba mteja wake hupita mara mbili mbele ya ua la plastiki na kusema ni zuri, kisha hununua kikapu. Maneno hayo tulirudi nayo Pwani, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Ili kuielewa biashara hii ni lazima kuielewa sheria inayoizunguka. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilianza kutekeleza katazo la mifuko ya plastiki, yaani ule wa kubebea wenye vishikio na ule bapa usio navyo: ikawa ni kosa kuutengeneza, kuuingiza nchini na kuutumia. Adhabu iliyotajwa ni faini ya kuanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au adhabu zote mbili. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wametangulia tangu mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Uganda nayo iliandika katazo la mifuko myembamba, isiyofika maikroni 30, mwaka 2009, na ikalirudia katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 2019, ila viwanda viliendelea kuitoa na maduka yakaendelea kuigawa. Basi Busia hatua chache tu zimezigawa dunia mbili. Upande mmoja mfuko ule, ambao Waganda huuita kaveera, ni kitu cha kutilia nyanya. Upande wa pili ni ushahidi wa kesi.

Tangu wakati huo kaveera imekuwa miongoni mwa magendo yanayovushwa kwa njia za panya, ikifichwa ndani ya bidhaa nyingine. Wanaonaswa njiani si wenye viwanda. Ni wabebaji, na miongoni mwao wamo wanawake wanaotafuta nauli na unga wa jioni. Tunalitaja hili kwa sababu wako walimu wa ufumaji, wenye nia njema, wanaowafundisha akina mama kukatakata mifuko ya kubebea ili wafume mikoba na mazulia madogo. Katika nchi ambayo mfuko huo haujakatazwa, hilo ni shauri zuri. Kwa mama wa Busia au Malaba upande wa Kenya ni shauri la hatari, maana askari akikuta robota la kaveera chini ya kitanda hataketi kusubiri aelezwe kwamba lilikusudiwa kuwa ua la mezani. Asiwepo dada yetu atakayeingia matatani kwa sababu ya pambo.

Kilichobaki halali, na kilichobaki kwa wingi, ni kifungashio kinachotoka kiwandani kikiwa kimegusana na bidhaa yenyewe. Sheria ya mwaka 2017 haikukigusa. Kwa hiyo mkate bado huja ndani ya nailoni, maziwa ndani ya pakiti, krispi za watoto ndani ya vifuko vyenye kung'aa, mafuta ndani ya dumu, siagi ndani ya kopo, na tende za Ramadhani ndani ya visanduku vyenye vifuniko vinavyoangaza. Tuhesabu jikoni kwetu wenyewe kabla hatujaunyoshea kidole mpaka. Familia ya watu saba inayonunua mkate mmoja kwa siku huacha mifuko 365 kwa mwaka, na hapo hatujaandaa maulidi wala arusi.

Sasa tuuingie ufundi wenyewe, maana hapa ndipo penye raha.

Mfuko wa mkate hauwezi kufumwa ulivyo. Kwanza huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kukaushwa ndani nje, la sivyo chembe za mkate zitawaita mchwa na mende. Kitako chake hukatwa ili ubaki mrija. Mrija hukunjwa kwa urefu na kukatwa mapete yenye upana wa vidole viwili, kisha pete hupitishwa ndani ya pete na kuvutwa taratibu, kama watoto wanavyounganisha raba kupata kamba ya kuruka. Mkivuta kwa pupa, fundo hukatika. Ukipata uzi wa kutosha, uviringe mpira, uchukue sindano nene ya kufumia yenye kulabu, na uanze kwa duara dogo katikati. Maandishi ya mkate yatatawanyika na kuwa madoa ya rangi ambayo hukuyapanga, na mara nyingi yanapendeza kuliko ungeyapanga. Kwa uzi huo hufumwa vitambaa vya kuwekea vikombe, vijamvi vya mlangoni, mikoba ya sabuni ya kuning'iniza msalani, na makasha laini ya kutilia nyuzi na vifungo.

Pakiti ya krispi ina habari yake. Ule mng'ao wa ndani ni utando mwembamba mno wa alumini uliolazwa juu ya plastiki, na kwa kuwa viwili hivyo havitenganishwi kwa urahisi, waokota taka huziacha pakiti hizo pale walipozikuta: hakuna anayezinunua kwa kilo. Hivyo mkono wa mwanamke ni miongoni mwa mahali pachache pakiti hiyo inapoweza kwenda zaidi ya jaa. Haifumwi, hukunjwa. Kata kipande cha urefu wa sentimita 12 na upana wa 5. Kikunje katikati kwa urefu, ukifungue, ulete kingo zote mbili kwenye mstari wa kati, ukikunje tena. Utapata ukanda mwembamba wa matabaka manne. Ukanda huo ukunje katikati kwa upana, kisha kila ncha uirudishe ndani mpaka kwenye mkunjo. Sasa unacho kiungo chenye miguu miwili, na kila mguu una uwazi wake. Chukua kiungo cha pili, uipenyeze miguu yake katika nyuwazi za cha kwanza, uvute. Endelea hivyo na mnyororo utajipinda kushoto na kulia kama mgongo wa samaki. Minyororo ikishakuwa na urefu mmoja hushonwa ubavu kwa ubavu kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, nao haukatiki upesi wala hauonekani.

Bila shaka wasomaji wetu wa Lamu, Pate na Pemba wameshaanza kutabasamu. Kuvisuka vipande virefu kisha kuvishona ubavu kwa ubavu ndiyo kazi ya ukili na mkeka, kazi ambayo bibi zetu waliifanya barazani huku wakizungumza, bila hata kuitazama mikono yao. Fundi wa Busia amejifunza ukanda wa katoni kwa sababu ndio uliokuwa mlangoni pake. Sisi tulikuwa na miyaa. Binti aliyekwishajua kusuka ukili wa kili saba hatahitaji zaidi ya alasiri moja kuizoea plastiki, ila atalalamika kwamba inateleza na haina harufu nzuri ya mwaa ulioloweshwa. Atakuwa na haki.

Nasi tulijaribu, na tuliaibika. Mmoja wetu alifuma kawa kubwa ya nailoni za mkate, nyeupe na buluu, yenye pindo la nyekundu lililotokana na pakiti za unga. Ilipendeza kwelikweli, wageni wakaisifu. Siku ya Ijumaa ikafunikiwa sinia la pilau lililotoka jikoni wakati uleule. Ilipofunuliwa ilikuwa imelegea na kubonyea katikati, na mchele wa juu ukanuka plastiki. Pilau ile haikuliwa. Tangu siku hiyo kawa hiyo hufunika matunda na mikate iliyokwisha kupoa, na za chakula cha moto zimebaki kuwa za miyaa kama zilivyokuwa.

Aibu hiyo ilitulazimisha kujifunza tulichopaswa kukijua tangu mwanzo. Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani yake. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Plastiki yake huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80, kwa hiyo si ya chai wala ya uji. Namba 2 ni aghalabu madumu ya mafuta ya kupikia, magumu na yenye kustahimili, nayo hufaa kukatwa yakawa vyungu vya mrehani na mlangilangi. Namba 5 ni makopo mengi ya siagi na mtindi, na kanda nyingi za katoni. Namba 3 na namba 6 msizipashe moto hata kidogo. Na hapa tuwaonye wanaotengeneza maua kwa kuyapinda majani ya plastiki juu ya mshumaa: moshi ule si wa udi. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto na wajawazito wakiwa mbali, au bora zaidi msiufanye. Ua lililokatwa kwa mkasi na kukunjwa kwa kidole linatosha. Wala chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu au mafuta ya gari kisiingie nyumbani kwa jina la pambo, hata kikioshwa mara kumi.

Lipo pia suala la bei, na hapa tunawaomba akina baba wasome pamoja nasi. Kikapu cha kwanza tulichokikunja kwa pakiti za krispi, kidogo cha kutosha kuwekea vifungo na sindano, kilichukua jioni kumi na moja baada ya Isha. Malighafi ilikuwa ya bure, kwa hiyo kila aliyekitazama alitaka kukipata kwa bei ya bure. Kule Busia tuliyasikia majadiliano yaleyale, mteja akisema kwamba hizi ni takataka tu, na muuzaji akimwuliza kwa nini basi ameyaacha ya bure barabarani akaja kununua haya. Mama yule huhesabu siku, siyo plastiki. Kikapu cha kanda yeye hukimaliza upesi kwa sababu mkono umezoea, na hauzi kwa bei isiyofika ujira wa siku ya kibarua shambani. Akishushwa chini ya hapo hukitundika tena msumarini. Tulimwonea fahari. Mikutano mingi ya kuwainua wanawake kwa kazi za mikono huanza na kumalizika kwa kusifu kwamba malighafi haina gharama, na saa za mwanamke hazitajwi popote katika hesabu.

Kutoka Busia tulipanda matatu kwenda Malaba. Malaba ni mji wa malori. Bidhaa zinazoshushwa bandarini Mombasa kwa ajili ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita hapa baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900, na madereva na utingo wengi ni watoto wa Pwani, waume na ndugu wa wasomaji wetu. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, misururu ya malori hapa ilifika makumi ya kilomita, watu wakilala siku nyingi barabarani. Dereva anayesubiri hula kilichofungwa na hunywa kilichotiwa chupani. Tulipotembea kando ya barabara tuliziona chupa mtaroni, nyingine zikiwa na majina ya maji tunayoyanywa Mombasa.

Jambo moja lilitushangaza tulipoitazama ramani. Mto Sio, unaopita jirani na Busia, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Malaba, ulio mwendo mfupi tu kaskazini yake, haufuati njia hiyo. Huelekea magharibi ndani ya Uganda na kuishia Ziwa Kyoga. Maziwa hayo mawili yote ni ya Mto Nile. Chupa aliyoinunua dereva kule Changamwe ikaanguka mtaroni Malaba haitarudi tena kwenye bahari yetu, bali imeshika njia ya mtoni kuelekea kaskazini, mahali ambapo hakuna kati yetu atakayeiona.

Watu wa Lamu walikwisha kulifikiria hili kwa namna yao. Mwaka 2018 mafundi wa jahazi chini ya fundi Ali Skanda waliteremsha baharini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake ukapambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Victoria kwa kugusa nchi zote tatu zenye ufuo. Ndara zile za rangirangi ndizo zilizowavuta watoto pwani kulitazama, ilhali kilichobeba watu ni mbao za plastiki zilizo chini yake. Mama wa vikapu angelielewa jahazi hilo mara moja.

Tangu mwaka 2022 Kenya ina sheria ya usimamizi wa taka inayomtaka mwenye kiwanda abebe jukumu la kifungashio chake hata baada ya bidhaa kuliwa. Tunaitaja ili pasiwe na mwanamke atakayeambiwa kwamba usafi wa nchi unategemea sindano yake. Hata tungekunja usiku na mchana tusingezimaliza pakiti za krispi za shule moja. Tunakunja kwa sababu kikapu kinahitajika, na kwa sababu mikono iliyozoea kazi haipendi kukaa bure.

Tulinunua vikapu viwili Busia, bila kupunguziwa hata shilingi. Kimoja tulimpa shangazi yetu Kisauni, akakigeuza, akakipima kwa shubiri, akasema kitako kimesukwa vizuri lakini pindo angelimaliza yeye kwa namna nyingine. Cha pili kimetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila asubuhi mfuko wa mkate uliooshwa hutiwa humo. Binti mdogo ndiye mwenye daftari la hesabu. Jana alisema imefika 36, na kwamba kwa kawa ya pili ya kufunikia matunda atahitaji 50.